Chupa Nne Nilizoosha

Nyumba yetu ni ya mwisho mtaani, pale lami inapoishia na uzio wa mabwawa ya majitaka unapoanzia. Mgeni akiuliza njia ya kuja kwetu huambiwa, "Fuata pua yako, utafika." Nimeucheka utani huo miaka mingi kwa sababu ni kweli. Ila pua nayo huzoea. Yangu ilizoea kabla mjukuu wangu hajaota meno, na yeye nimemlea tangu siku tuliyomzika mama yake, binti yangu wa pekee. Alipokua alikwenda kusomea mambo ya maji, akarudi, akaajiriwa humo humo ndani ya uzio aliokuwa akiuchungulia utotoni. Kazi yake ilikuwa kupima maji yanapoingia machafu na kuyapima tena yanapotoka.

"Mke mwenzangu," nilikuwa nikimtania akirudi jioni, "leo unanuka nini?"

"Nanuka mji mzima, bibi. Hakuna aliyebaki nyuma."

Huko kazini alikuwa na mwenzake mmoja wa umri wangu, mtu mwembamba ambaye wote walimwita Mzee Reki. Alisimama kwenye chujio la vyuma, mahali bomba kubwa la mji linapomwaga, akivuta kwa reki yake matambara, mifuko ya plastiki, na vitu ambavyo mtu hawezi kuvitaja mezani. Alizoea kusema, "Hapa hakuna bwana mkubwa. Ya meneja na ya mfungwa yanapita chujio moja." Kila Jumamosi alitupitishia kuni chache za mbao alizookota, akiziacha mlangoni bila kubisha, ili nisisumbuke kuinuka.

Maji yakitoka kwenye chujio huingia bwawa la kwanza, la pili, la tatu, yakitulia na kuacha tope lake chini. Mwisho hutiwa dawa, halafu hushuka kwa mfereji hadi ziwa dogo. Maziwa yetu ni matatu, yameshikana kama ndugu wanaovuka barabara. Dogo humpa la kati, la kati humpa kubwa, na katika kubwa ndimo bomba letu la maji ya kunywa linamochota.

Mjukuu wangu ndiye aliyenieleza dawa ile inafanya nini. Tulikuwa tumekaa jikoni, yeye akimenya vitunguu.

"Katika uchafu wetu mna mbolea, bibi. Ukiimwaga shambani, mahindi yananenepa. Ukiimwaga ziwani, yananenepa majani ya kijani, madogo madogo, hata macho hayayaoni moja moja. Yakifa yanaoza, yanamaliza pumzi yote ya maji, samaki wanabaki wanahema. Dawa inaikamata ile mbolea na kuizamisha kabla haijafika."

"Na dawa ipo?"

Aliendelea kumenya. "Pipa limekauka tangu kabla ya mvua. Meneja anasema iko njiani."

Nilijua njia ya namna hiyo. Mimi pia nimewahi kusubiri vitu vilivyokuwa njiani.

Alikwenda kulalamika, wakamwambia asubiri. Akaandika, wakamwambia anajifanya mjuaji. Mwisho aliandikia maabara ya serikali, na kutoka huko akaja mama mmoja mwenye miwani na sauti ya chini, ambaye sisi tulimwita Mama wa Maabara. Huyo alimsikiliza. Alimwambia sheria iko wazi: sampuli za miezi sita mfululizo zikionyesha mbolea imepita kiwango, baraza la mji halina ujanja, litalazimika kuleta dawa na kufunga mfereji hadi ifike. Miezi sita, si mitano. Kila mwezi maabara ingeleta boksi la barafu lenye chupa nne safi, na mjukuu wangu angezijaza: moja penye bomba la majitaka, moja mwisho wa mabwawa, moja mferejini, moja ziwani.

Miezi mitano alizijaza, na miezi mitano majibu yalirudi yamepita kiwango mara tatu. Alikuwa akiyabandika ukutani juu ya kitanda chake, jinsi wasichana wengine wanavyobandika picha za waimbaji. Ziwa dogo lilikuwa limeanza kuwa kijani ukingoni, kijani kama cha mlango uliopakwa rangi. Alikuwa akilitazama jinsi ninavyomtazama yeye akiwa na homa.

Na homa ndiyo iliyotuponza.

Boksi lile lilitakiwa kukaa stoo ya kazini. Lakini paa la stoo lilikuwa likivuja na panya walishatafuna vifuniko mara moja, kwa hiyo alikuwa akilileta nyumbani na kuliweka chini ya meza mpaka siku ya kujaza. Mwezi wa sita alirudi nalo kwenye mvua, akitetemeka, akateleza penye ngazi yetu. Boksi likafunguka, chupa zikaviringika kwenye tope. Aliziokota, akazirudisha, akaingia kitandani na buti zake. Nilimvua buti, nikamfunika, nikamnywesha maji ya moto. Akalala kama aliyeanguka kisimani.

Asubuhi nilivuta boksi. Chupa zilikuwa zimepakaa tope hadi shingoni. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kujaza, siku ya mwisho ya miezi sita, na nilimwona mawazoni akiamka na kichwa kinachogonga, akianza kuzisugua peke yake. Nikasema moyoni, mtoto huyu hana mama wa kumsaidia, ana mimi. Nikachukua beseni, nikamimina sabuni ya unga, ile yenye povu jingi, nikaziosha. Tope lilikuwa nje tu. Lakini mtu akiosha nje asioshe ndani, ameosha nini? Nilifungua kila kifuniko, nikaingiza kitambaa kwa kijiti, nikasugua hadi chini. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu juzi, kwa hiyo nilizisuuza mara moja tu kwa maji ya ndoo iliyobaki. Nikazianika ukutani juani. Ziling'aa, nikajisifu. Zilipokauka nikazifunga na kuzipanga ndani ya boksi kama mayai.

Alipoamka alifunua boksi, akaona chupa hazina tope. Alidhani nimezifuta kwa kitambaa, nje tu.

"Umenifutia chupa, bibi?"

"Kazi ndogo."

"Asante, bibi. Mungu akuweke."

Hiyo asante niliibeba siku nzima kama mtu aliyepewa shuka jipya.

Wiki mbili baadaye alirudi saa tano asubuhi, wakati ambao harudi. Alikaa kwenye kiti bila kuvua kofia ya kazi.

"Majibu yametoka," akasema. "Chupa zote nne zimepita kiwango mara arobaini."

"Si ndiyo ulichotaka? Yapite?"

"Bibi, mara arobaini haiwezekani. Hata bombani, kabla ya kusafishwa, maji hayafiki hapo. Na ya ziwani ni sawa na ya bombani. Mtoto wa shule atajua kuna kitu kimetiwa." Alikunja karatasi, akaikunjua. "Meneja anasema nimetia mimi. Anasema nilitaka kuaibisha mji, nikaona mara tatu haitoshi. Kuna kikao Alhamisi. Wakinikuta nimeghushi, sina kazi, na sita yangu inarudi kuwa sifuri."

"Kitu gani kinaweza kutiwa?"

"Mbolea ya shamba. Au hata sabuni, ile ya unga. Imejaa kitu kile kile, ndiyo maana maabara wanaosha kwa dawa yao na hawagusi sabuni hata tone. Lakini mimi sijagusa sabuni, bibi. Nimekaa nakumbuka kila hatua. Sijagusa."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Uliendelea kukoroga sufuria wenyewe, maana mimi sikuwa nikikoroga tena.

Ningependa kuandika kwamba nilisema hapo hapo. Sikusema. Nilisema, "Kula kwanza," nikampakulia. Siku hiyo sikusema, na ya pili sikusema. Nilikuwa nikifungua mdomo na yakitoka maneno mengine: buti zako zimekauka, kuku wa jirani ameingia. Nilimwona anabandua zile karatasi ukutani moja moja, akizisoma upya kama mtu anayetafuta neno baya katika barua aliyoipenda. Tenda wema nenda zako, wanasema. Hawasemi kwamba utarudi siku moja uone ulichotenda.

Jumatano Mzee Reki alikuja na kuni, na safari hii akabisha.

"Bi mkubwa, nimekuja kusema jambo moja. Kazini wote wananong'ona. Mimi nimewaambia yule binti hawezi. Nilimwona mara moja ameangusha chupa mferejini, akaingia mpaka kifuani kuitafuta, ilhali angeweza kuandika uongo na kwenda nyumbani. Mtu hawi mwizi siku moja." Akaweka kuni chini. "Wakimfukuza na mimi nitaacha reki yangu kwenye chujio, waje wavute wenyewe."

"Usiache reki, mzee," nikamwambia. "Mji utafurika."

Alicheka. Mimi nililia baada ya yeye kuondoka.

Asubuhi ya Alhamisi mjukuu wangu alikuwa akipiga viatu rangi. Nilikaa kando yake chini, kitu ambacho magoti yangu hayakipendi, nikamwambia yote: beseni, sabuni, kijiti, ndoo moja ya kusuuza. Brashi ilisimama juu ya kiatu.

"Na ndani, bibi? Uliosha na ndani?"

"Na ndani. Hadi chini."

Nje mtu alipita na baiskeli inayolia.

"Kwa nini hukuniambia juzi?"

"Niliogopa. Ulikuwa umenishukuru."

Aliweka kiatu chini. Sikujua atafanya nini. Alinishika mkono, akanisaidia kuinuka, akanikalisha kwenye kiti, kisha akarudi kwenye viatu vyake. "Usije kikaoni, bibi. Nitajua la kusema."

Nilikwenda. Nilimwacha atangulie, nikafuata polepole kwa njia ya nyuma ya soko, nikaingia ukumbi wa baraza na kukaa karibu na mlango. Mwenyekiti alikuwa mbele, meneja kuliani kwake na faili nene, Mama wa Maabara kushoto. Mjukuu wangu alikuwa amesimama, na nilifika akiwa anasema.

"Kosa ni langu. Chupa ziliingia tope, nikazisuuza kwa sabuni. Nilikuwa na homa, sikufikiri. Nilifanya mimi."

Alikuwa akiniweka pembeni ya aibu, kama alivyoniweka kwenye kiti.

Nikasimama. "Anadanganya, mwenyekiti. Na mnaona wenyewe hajui kudanganya, mimi sikumfundisha. Niliosha mimi. Mimi ni bibi yake. Yeye alikuwa amelala hajitambui. Nilidhani nasafisha."

Watu waligeuka. Mmoja aliguna kwa huruma, mwingine akacheka kidogo. Mama wa Maabara alivua miwani, akaniangalia. Alisema, "Hilo linaeleza kila kitu. Sabuni ingetoa hesabu hiyo hiyo katika chupa zote nne. Huyu binti hakughushi." Na kwa dakika moja nilidhani nimeokoa kitu.

Meneja hakukasirika. Alifungua faili lake taratibu, akamgeukia mjukuu wangu na sauti ya upole kabisa.

"Tunashukuru kwa ukweli. Sasa nisaidie. Boksi lilikaa wapi mwezi huu?"

"Nyumbani. Stoo inavuja, niliandika mara tatu."

"Na mwezi wa tano?"

"Nyumbani."

"Wa nne? Wa tatu?"

"Nyumbani."

"Na kila mara, nyumbani alikuwepo nani?"

Mjukuu wangu aligeuka kunitazama.

"Bibi," meneja akanigeukia, "miezi hiyo mingine hukuosha hata kidogo?"

"Sikuosha. Ni hii moja tu."

"Una hakika? Mezani kwako vitu vinapita vingi. Mwezi wa pili chupa zilifika siku gani?"

Sikujua. Nani hukumbuka siku ya chupa? Nilifungua mdomo, nikaufunga, na watu waliona nikiufunga. Hakuhitaji zaidi. Aliandika mstari mmoja tu.

Wakaamua kabla ya mchana. Binti hakughushi, lakini alitoa chupa nje ya uzio, kinyume cha utaratibu. Sampuli zote za miezi sita haziaminiki. Zoezi lianze upya, miezi sita mingine, stoo ikishatengenezwa, na lifanywe na mtu mwingine. Yeye ahamishiwe kwenye chujio.

Nje, Mama wa Maabara alitukuta kwenye ngazi. Alikuwa amebeba chupa ya maji ya kunywa; alinifungulia akanipa, akangoja ninywe.

"Mama, nataka ujue," akasema. "Juzi nilipoona yale majibu nilishuka mwenyewe ziwani na chupa yangu. Imetoka mara tatu ya kiwango. Sawasawa na miezi mitano ile. Mjukuu wako alikuwa akisema kweli tangu siku ya kwanza."

"Basi waambie!"

"Nimewaambia. Wamesema moja si sita."

Mjukuu wangu alitikisa kichwa kama aliyekuwa akilijua jibu. Kisha akanishika kiwiko, maana ngazi zilikuwa na maji.

Stoo haijatengenezwa. Wanasema mabati yako njiani. Miezi sita haiwezi kuanza kuhesabiwa bila stoo, na mvua zimerudi, na mabwawa yakijaa humwagika mferejini moja kwa moja. Wiki iliyopita nilishuka hadi ziwa dogo. Ukingoni hapakuwa na maji ya kuonekana, palikuwa na kijani kizito kama rangi iliyomwagika, na ndani yake samaki wamelala ubavu, weupe, wadogo kwa wakubwa, midomo wazi. Bata mmoja alikuwa akipita katikati yake, akiacha njia nyeusi iliyojifunga nyuma yake. Wapo wanaosema la kati nalo limeanza upande wa matete. Kubwa bado. Tunachemsha ya kunywa, basi.

Yeye anavuta reki sasa. Siku za mwanzo mikono yake ilitoa malengelenge. Siku ya nne alikuta mpini umeviringishwa kitambaa laini kilichoshonwa kwa uzi wa samaki, na Mzee Reki anaangalia pembeni kama hajui lolote. Tangu hapo kila Jumatatu kitambaa ni kipya. Sijui anavitoa wapi. Nikimuuliza anasema, "Chujio linatoa riziki, bi mkubwa."

"Vimeoshwa lakini?"

"Vimeoshwa. Sisemi kwa sabuni gani."

Aliposema hivyo mjukuu wangu, aliyekuwa kando, akaanza kucheka, na sisi wawili tukafuata. Ndiyo mara ya kwanza tuliyocheka tangu Alhamisi ile. Haikudumu, lakini ilikuwepo.

Ovaroli zake nazifua kwa sabuni ya mche. Nilimuuliza kwanza kama ile nayo ina mbolea, akasema haina, au ni kidogo mno. Ndipo nikafikiria jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Miaka yote hii, kila Jumamosi, beseni langu la povu nimelimwaga kwenye tundu la uani, na tundu la uani linakwenda bombani, na bomba linakwenda kwenye mabwawa, na mabwawa kwenye mfereji. Nguo za mama yake. Nepi zake mwenyewe. Shuka tulilomlazia binti yangu siku zake za mwisho, ambalo nililifua mara mbili ili liwe jeupe. Yote yameshuka kule. Si chupa nne tu nilizoziosha.

Pakiti ya sabuni ya unga ilikuwa imebaki nusu. Nilitaka kuitupa. Nikafikiria tundu la uani, hapana. Nikafikiria shimo la taka nyuma ya nyumba, lakini mvua ikinyesha shimo lile hujaa na kuteremka upande wa ziwa. Nikafikiria kumpa jirani, naye ana tundu kama langu. Nilisimama nayo mkononi katikati ya jikoni kama mtu aliyeshika mtoto ambaye mwenyewe hajaja kumchukua.

Mjukuu wangu aliingia, akaiona, akaelewa.

"Iache hapo juu, bibi. Ifunge vizuri isipate unyevu."

"Mpaka lini?"

Aliichukua mkononi mwangu, akaiviringishia mfuko wa plastiki mara mbili, akaipandisha kwenye rafu ya juu kabisa ambayo mimi siifikii. Halafu akakaa, akanyoosha miguu, na mimi nikaanza kumvua buti.

"Asante, bibi," akasema.

Siku hizi nikiambiwa asante nauliza kwanza. "Ya nini?"

"Ya buti tu," akasema, na akafumba macho.